Yai la Babu

"Mama, nimenyee."

Binti yangu kanisukumia yai la kuchemsha, soksi kavaa mguu mmoja, na gari la shule linapiga honi nje. Nikamenya mbiombio. Kipande cha ganda kikanichoma chini ya ukucha, na papo hapo nikawa Korogwe, uani kwetu, mwaka 1996.

Babu, mdogo wangu wa kiume, alikuwa na miaka 6. Surua ilishamchukua macho kabla hajafikisha 2, na tangu hapo nyumba nzima tuligeuka mikono yake. Mama alimvisha, mimi nilimlisha. Akinyoosha kidole tu, sauti tatu zinamdaka: utaungua, utajikata, utavunja!

Jumamosi moja akaja mwalimu wa elimu maalumu, kwa baiskeli. Sisi tulitegemea mashine. Alichotoa kwenye mfuko wa rambo ni kipande cha trei la mayai chenye vishimo sita, viwili kwa vitatu, na ndimu kadhaa. Akampa Babu akipapase.

"Hiki ni cha kuwekea mayai. Yai unalijua?"

"Nalijua. Nikiumwa napewa."

"Likoje?"

"Laini. Linateleza."

Mwalimu akatutazama mmoja mmoja, kisha akaomba yai bichi. Mama alisita, maana yalikuwa ya kuuza. Mwalimu hakumkamata Babu kiganja kama tulivyozoea sisi. Alitanguliza mkono wake mwenyewe na yai ndani, Babu akaufuata kwa vidole, akalikuta, na mwalimu taratibu akauchomoa wa kwake. Babu akaligeuza. Akalinusa. Akaligonga kwenye meno.

"Jiwe," akasema. "Jiwe jepesi."

Tuliangua kicheko, mimi wa kwanza. Mwalimu akamwambia aligonge kwenye ukingo wa kinu. Likapasuka, ute ukamtiririka mpaka kwenye kiwiko, ukadondokea kaptula. Akabaki kinywa wazi, vidole kavitanua, kipande cha ganda kimegandia gumbani. Akakibandua, akakipapasa ndani, akakipapasa nje, ndani tena. Halafu akageuza uso upande niliko.

"Dada, mbona hukuniambia lina nyumba?"

Mama akainuka akaenda jikoni. Hakukuwa na kitu motoni.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Kufika alasiri alishajua kwamba kwa nukta nundu, maandishi ya kusoma kwa vidole, ndimu moja kwenye kishimo cha juu kushoto ni a, na ukiongeza ya pili chini yake unapata b, herufi yake mwenyewe. Mwaka uliofuata tukampeleka bwenini Irente, shule ya wasioona kule Lushoto, na Mama akalia kutoka Lushoto hadi Mombo. Likizo ya kwanza alirudi anadunga nukta nundu kwenye karatasi usiku, taa imezimwa, sisi tunalalamika kelele.

Nimejitetea mara nyingi kichwani. Nilikuwa na miaka 11. Nilimmenyea kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu, niseme ukweli, akimenya mwenyewe angechelewesha kila kitu. Sijui ipi ilikuwa kubwa. Asubuhi hii ilikuwa ile ya pili, hilo nalijua.

Babu sasa ana familia yake na anapika kunishinda. Lakini akija kwetu Sikukuu, tukikaa mezani, husukuma yai lake taratibu mpaka liguse sahani yangu.

"Dada, nimenyee."

Sijawahi kumuuliza kama ananitania. Namenya.