Robo ya Pili Bila Mfungaji Wetu

Julai ile upepo wa Dodoma ulikuwa wa kupasua midomo. Timu ninayoifundisha ilikuwa na mechi ya kirafiki ya mpira wa kikapu na vijana kutoka Singida. Robo ya kwanza mfungaji wetu alipata pointi 14 kati ya 16 zetu, nami nikamtoa robo nzima iliyofuata. Hakuwa ameumia, wala hakuwa na faulo nyingi.

Sababu ilikuwa kwenye daftari langu. Kila shambulizi niliandika nani kagusa mpira. Katika mashambulizi 17, winga wa kushoto aliugusa mara mbili. Senta alisimama chini ya kikapu mikono imening'inia, maana alishajua pasi haiji. Asiyetarajia pasi haandai miguu: mpira ukimfikia ghafla anaanza kutafuta kwanza pa kukanyaga, na mlinzi keshafika. Makocha wengi huita huo woga. Mimi naona ni miguu iliyozoea kungoja.

Kufunga sana si tatizo; tatizo ni wengine kuzoea kungoja. Msimu wa 1986/87 Michael Jordan, nyota wa ligi ya NBA ya Marekani, alifunga wastani wa pointi 37.1 kwa mechi, timu yake ya Chicago Bulls ikashinda mechi 40 tu kati ya 82. Mwaka 1989 Phil Jackson akawa kocha mkuu, akaleta mashambulizi ya pembetatu ya msaidizi wake Tex Winter, ambayo humlazimisha hata nyota kuuachia mpira. Jordan alipostaafu mwaka 1993, wenzake walishinda mechi 55 msimu uliofuata, na Horace Grant na B.J. Armstrong wakachaguliwa kwa mara ya kwanza kwenye mechi ya nyota wa ligi. Walikuwa wamejifunza wakiwa naye.

Vijana wetu walianza vibaya. Wote walimkimbilia mwenye mpira, wakabanana hatua mbili mbili, mlinzi mmoja akatosha kwa watu wawili. Mara mbili sekunde 24 za shambulizi moja ziliisha hatujarusha. Kwenye taimauti niliwaambia mambo matatu: kati ya mtu na mtu ziwe hatua tano; ukishatoa pasi, kata kuelekea kikapuni, usiufuate mpira; unapoupokea, magoti yawe yamekunjwa tayari. Na kwa upepo ule, mitupo ya mbali tuiache, tukaribie pembeni tugongeshe ubao.

Robo hiyo tulifungwa 13 kwa 9. Ila zile 9 zilitoka kwa watu watano.

Mfungaji wetu alikuwa kaketi kando yangu, hatulii. "Mwalimu, winga yuko wazi, mbona hawampi?"

Nikamfungulia ukurasa wa robo ya kwanza. Akausoma mstari kwa mstari, hakusema kitu.

Robo ya tatu nilimrudisha kwa sharti moja: adunde mpira mara tatu tu, kisha arushe au atoe pasi. Walinzi wawili walipomvaa, alimpa winga wa kushoto. Winga alikosa. Shambulizi lililofuata wakamvaa tena wawili, na mpira ukaenda kwa winga yule yule, magoti yake yakiwa yamekunjwa.