Damu Inaeleza Nini Kuhusu Ukali wa Maambukizi ya Virusi

Mgonjwa anapoambiwa kwamba amekutwa na virusi fulani, hubaki na swali ambalo kipimo hicho hakikulijibu: je, ugonjwa huu utapita wenyewe au utamlemea? Ili kukadiria ukali, daktari huagiza vipimo vingine vya damu, navyo, kwa kadiri nilivyoona katika kazi yangu ya maabara, huzua hofu na faraja zisizo na msingi kuliko vipimo vingine vyote. Karatasi ya majibu huonyesha namba, kiwango cha kawaida pembeni yake na alama ya kupanda au kushuka. Haionyeshi jambo ambalo mimi hulitazama kwanza, yaani damu hiyo ilitolewa siku ya ngapi ya ugonjwa, na ilikuwaje siku iliyotangulia.

Sehemu kubwa ya vipimo hivi haivigusi virusi vyenyewe, bali hupima namna mwili unavyopambana navyo na madhara yanayotokana na mapambano hayo. Mfano unaojulikana zaidi ni protini iitwayo CRP, iliyogunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis wa Taasisi ya Rockefeller huko New York, walipokuwa wakichunguza damu ya wagonjwa wa nimonia ya bakteria. Ini huizalisha protini hii kwa wingi linapopokea amri ya kemikali ya kinga inayoitwa interlukini-6. Huanza kupanda ndani ya saa chache, hufikia kilele baada ya takriban siku 2, na chanzo kikikoma, nusu yake huondoka katika damu kila baada ya saa 19 hivi. Kwa kuwa kasi hiyo ya kuondoka haibadiliki sana, kiasi kinachokutwa katika damu hutegemea hasa kiasi ambacho ini linazalisha wakati huo, na ndiyo maana vipimo viwili vilivyopishana kwa siku moja au mbili humwambia daktari mengi kuliko kipimo kimoja chenye namba ya kutisha.

Katika maambukizi mengi ya virusi CRP hupanda kwa kiasi tu, hivyo ikipanda mno madaktari hushuku bakteria. UVIKO-19 uliwalazimu kuisoma kwa namna nyingine. Katika utafiti wa RECOVERY uliofanyika Uingereza, wagonjwa waliokuwa na upungufu wa oksijeni pamoja na CRP ya miligramu 75 au zaidi kwa lita ndio waliochaguliwa kujaribiwa tocilizumab, dawa inayozuia amri ya interlukini-6. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba ndani ya siku 28 walifariki asilimia 31 ya waliopangiwa dawa hiyo, dhidi ya asilimia 35 ya waliopata matibabu ya kawaida pekee. Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo kwa asiyezoea takwimu za tiba, lakini ni uhai wa watu 4 katika kila 100.

Kipimo ninachokithamini zaidi, hata hivyo, ni kile rahisi cha picha kamili ya damu. Humo huhesabiwa limfosaiti, chembe nyeupe zenye jukumu kubwa la kupambana na virusi. Zikishuka chini ya 1,000 katika kila mikrolita ya damu ya mtu mzima, na zikaendelea kushuka huku chembe nyeupe za aina ya neutrofili zikipanda, kuna sababu ya kumwangalia mgonjwa kwa karibu. Kwa watoto wadogo kigezo hicho hakifai, kwa kuwa limfosaiti zao kwa kawaida huwa nyingi kuliko za watu wazima.

Homa ya dengue ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi kwamba siku ya ugonjwa ina uzito sawa na namba yenyewe. Hatari yake huja homa inaposhuka, kwa kawaida kati ya siku ya 3 na ya 7, wakati ambapo mgonjwa na jamaa zake wameanza kupata matumaini. Katika kipindi hicho kuta za mishipa midogo ya damu zinaweza kuvujisha plazma, yaani sehemu ya majimaji ya damu, huku chembe nyekundu zikibaki ndani ya mishipa. Damu huwa nzito, na uzito huo huonekana katika hematokriti, ambayo ni sehemu ya damu inayochukuliwa na chembe nyekundu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unataja kupanda kwa hematokriti sambamba na kushuka kwa haraka kwa chembe sahani, yaani chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda, kuwa miongoni mwa dalili za tahadhari. Hematokriti ikipanda kwa asilimia 20 au zaidi kuliko ilivyokuwa kwa mgonjwa huyo huyo mwanzoni, hicho ni kielelezo cha kuvuja kwa plazma. Naomba msomaji ayazingatie maneno hayo, mgonjwa huyo huyo, kwa sababu asiyepimwa siku za mwanzo hana cha kulinganishwa nacho. Na hematokriti ikishuka ghafla huku mapigo ya moyo yakienda mbio na hali ikizidi kuwa mbaya, inampasa daktari ashuku kwamba damu inavuja mahali pasipoonekana.

Jamaa wa wagonjwa wa dengue hutazama zaidi chembe sahani, na mara nyingi huomba mgonjwa aongezewe mara tu zinaposhuka. Utafiti uliofanywa Singapore na Malaysia na kuchapishwa mwaka 2017 uliwahusisha watu wazima waliokuwa na chembe sahani 20,000 au pungufu kwa mikrolita bila kutokwa na damu kwa kiasi cha kutisha. Kuongezewa chembe sahani hakukupunguza utokaji wa damu, na wapo waliopata madhara kutokana na tiba hiyo.

Homa ya ini nayo ina mtego wake. Vimeng'enya vya ALT na AST humwagika katika damu seli za ini zinapoharibika, na vinaweza kufikia maelfu kwa mtu atakayepona kabisa. Vikianza kushuka kila mtu hufurahi, lakini huenda vinashuka kwa sababu seli zilizobaki za kuharibika ni chache. Ini lenyewe hutengeneza protini zinazogandisha damu, kwa hiyo muda wa damu kuganda, unaoandikwa kama INR, ndio unaoeleza kama bado linafanya kazi. ALT inayoshuka pamoja na INR inayopanda, kwa mgonjwa anayeanza kuchanganyikiwa, ni dharura.

Kuna magonjwa ambayo wingi wa virusi katika damu wenyewe hutabiri mwisho wake, na Ebola ni mojawapo. Katika utafiti wa PALM, ulioanza mwaka 2018 katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilihesabiwa mizunguko ambayo mashine ya PCR, inayonakili vinasaba vya virusi mzunguko baada ya mzunguko, ilihitaji kabla ya kuvigundua virusi. Mizunguko ikiwa michache, virusi ni vingi. Kati ya waliopewa dawa ya mAb114, walifariki takriban 10 katika kila 100 pale mizunguko ilipozidi 22, na takriban 70 katika kila 100 pale ilipokuwa 22 au pungufu. Dawa ilikuwa ile ile.

Vipimo vingine nitavipitia kwa ufupi. D-dimeri huonyesha kwamba damu imekuwa ikiganda na kuyeyushwa, nayo ilihusishwa na vifo katika ripoti za mwanzo kutoka Wuhan mwaka 2020. Lakini hupanda pia katika ujauzito, baada ya upasuaji na kadiri umri unavyoongezeka. Troponini huonyesha kwamba misuli ya moyo imeumia, na kreatinini kwamba figo zimelemewa.

Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walitengeneza kipimo cha alama kiitwacho 4C, chenye alama 0 hadi 21, cha kukadiria uwezekano wa kifo kwa waliolazwa kwa UVIKO-19. Kina vigezo 8, na kati ya hivyo ni viwili tu vinavyotoka katika damu, yaani urea, taka ya mwili inayoondolewa na figo, na CRP. Vingine ni umri, jinsi, magonjwa mengine aliyo nayo mgonjwa, kasi ya kupumua, kiwango cha oksijeni na hali ya fahamu. Naona uwiano huo ni wa haki. Mtu anayehema kwa shida hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu karatasi yake ya maabara inapendeza, hasa ikiwa ini lake limechoka kiasi cha kushindwa kuzalisha CRP ya kutosha, au ikiwa amekwisha kupewa tocilizumab, ambayo hukata amri ya kuizalisha protini hiyo na kuifanya ishuke hata pale ambapo mgonjwa hajapata nafuu.