Siku moja maishani mwangu: namba 31 kwenye faili la mtoto

Saa 11 na nusu alfajiri. Baridi ya Mbeya mwezi wa saba anayeijua anaijua, maji ya ndoo yanauma vidole. Nimebandika chai afu nikafungua tena lile faili maana usiku mzima limenikosesha usingizi. Ni la dogo wa miaka 15 ninayemwandikia ripoti ya mahakama, yeye na wenzake walimpiga dereva wa bodaboda wakachukua pikipiki. Ndani kuna dodoso mtu kaliprinti kutoka intaneti, kaweka tiki, kajumlisha, kapata 31, na chini kaandika kwa peni nyekundu SAIKOPATHI, yaani mtu asiye na huruma wala majuto. Nilimuuliza ilimchukua muda gani, akasema dakika ishirini.

Ngoja nieleze kwa nini inaniuma hivi. Kipimo kinachojulikana sana ni cha Robert Hare wa Kanada, kilichapishwa 1991, kina vipengele 20 na kila kimoja unatoa 0, 1 au 2, kwa hiyo mwisho ni 40, na huko Amerika Kaskazini mtu mzima akifika 30 ndo anahesabiwa ana usaikopathi. Cha vijana ni kingine kabisa, kilitoka 2003, cha Adelle Forth, David Kosson na huyo huyo Hare, umri wa miaka 12 mpaka 18. Nacho kina vipengele 20 ila HAKINA namba ya kusema kuanzia hapa huyu ni saikopathi, na waliokitunga wenyewe wanaonya mtoto asibandikwe hilo jina. Halafu kinataka mahojiano marefu PAMOJA na kumbukumbu za shule, nyumbani, polisi, sio maneno ya mtoto peke yake, maana moja ya vitu unavyopima ni uongo sasa utaupimaje kwa kumuuliza yeye tu?

Saa 3, mahabusi ya watoto, nampima dogo upya kwa kile cha vijana.

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu, umelalaje?"
"Salama."

Anaangalia sakafu. Kwenye lile dodoso kipengele cha kukosa majuto kapewa 2, pembeni imeandikwa "hamtazami mtu usoni, halii". Jamani! Mtoto wa huku akimkazia macho mkubwa si ndo anaambiwa hana adabu? Na vijana ambao kipimo kiliandaliwa kwao walikuwa wa Kanada, Marekani na Uingereza, hawakulelewa huku Rungwe.

Nikamuuliza dogo, yule dereva wa bodaboda ilikuwaje akaumia. "Alianguka." Nikakaa kimya, nje wenzake wanafagia, ufagio unasikika kwenye changarawe. Nikamuuliza alianguka au mlimwangusha. Akavuta uzi wa sweta mpaka ukakatika, kisha akasema, "Mimi ndo nilishika usukani tukamwangusha." Kipengele cha kukwepa kosa nikaandika 1, sio 0 maana alianza kwa kukwepa.

Saa 6 nikapanda kosta kwenda Kiwira kwa bibi yake. Kanikaribisha ndizi na maharage, nikamwambia ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akacheka vizuri afu akaanza kunieleza, na hakumpamba mjukuu. Kaiba tangu darasa la tatu, hela za kanisa, kuku wa jirani, simu ya mjomba. Hapo sina ubishi, matatizo ya tabia ya mapema nimeweka 2 na siipunguzi kwa huruma, kwa sababu nikiificha hakuna atakayemsaidia. Ila akanipeleka nyuma kwenye banda la sungura. Juu kuna gunia kuukuu limeshonwa kwa kamba ya katani, kalishona dogo, baridi ikizidi alikuwa anatoka usiku kuwafunika, na ndani ya mlango kaandika kwa mkaa tarehe ambazo kila jike alizaa. Nikapiga picha ile tarehe ya mwisho. Dodoso la dakika ishirini lilimpa 2 kwenye kutojali wengine.

Saa 10 ofisini. Mwenzangu ananiambia dada unajisumbua, hakimu anataka jibu fupi. Nikamjibu hilo jibu fupi ndo litamfuata mpaka uzeeni, hata DSM-5, kile kitabu cha Marekani cha 2013 cha kutambua magonjwa ya akili, hairuhusu mtu chini ya miaka 18 apewe utambuzi wa tatizo la haiba ya kupinga jamii, sembuse sisi kwa karatasi ya intaneti. Hakupinga sana, akanisogezea mashine ya kuprinti.

Saa 2 usiku naandika ripoti ya mahakama ya watoto. Jumla sijaiweka kabisa, nimeandika kila kipengele kimeonekana wapi na nani kasema, kwamba wizi ni wa muda mrefu na hasira zake zinapanda haraka, kwamba anahitaji mtu mmoja wa kumfuatilia kila wiki na arudi shule, na kwamba apimwe tena baada ya muda maana watoto wanabadilika. Sungura nimewaweka ukurasa wa 3. Bibi kanitumia meseji kwa simu ya jirani, anauliza kesho aje na sweta jingine la dogo maana lile limefumuka mkono. Nimemjibu aje nalo, kesi inaitwa saa 3 asubuhi.