Siku moja maishani mwangu: kutafuta bakteria wa chupa Dodoma

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko dampo la Chidaya, kabla jua halijawa kali. Nachota udongo chini ya chupa zilizofukiwa muda mrefu. Mdudu anayekula kitu humtafuti mbali na chakula chake. Wajapani walimpata Ideonella sakaiensis, bakteria anayekula plastiki ya chupa, kwenye masalia ya nje ya kiwanda cha kurejeleza chupa mjini Sakai, wakamtangaza mwaka 2016.

Mama mmoja muokota chupa ananiuliza kama udongo huu una madini. Namwambia natafuta bakteria wanaokula plastiki.

"Basi mwanangu, wape na hii," ananionyesha mfuko laini.

"Huo hawauwezi, mama. Chupa tu."

Jambo hili nalisema kila ninapopata nafasi, maana habari nyingi huongelea plastiki kana kwamba ni kitu kimoja. Chupa ya maji ni aina ya plastiki iitwayo PET. Minyororo ya molekuli zake imeshikana kwa viungo vya kikemia viitwavyo esta, na utando wa nje wa majani ya mimea una viungo vya jamii hiyohiyo, kwa hiyo vimeng'enya vya kuvikata, yaani protini za viumbe zinazovunja vitu, vilikuwepo kabla ya chupa. Mfuko ni polithini, kaboni imeshikana na kaboni mwanzo hadi mwisho. Kimeng'enya hakioni pa kukata. Mbuzi wetu wanaomeza mifuko walisaidiwa zaidi na katazo la mifuko la Juni 2019 kuliko watakavyosaidiwa na maabara yangu.

Saa tatu nimerudi maabara. Nachemsha agari, rojo la kuoteshea bakteria, nachanganya na unga wa PET, namwaga kwenye sahani.

Saa sita nakaa na chupa ya majaribio yenye kimeng'enya na PET iliyosagwa. Kazi hii haitaki haraka. Viungo vinapokatika hutoka asidi ya tereftaliki, mchanganyiko unachachuka, na kimeng'enya kinazidi kuchoka. Napima pH, yaani kiwango cha uchachu, naongeza sodiamu haidroksaidi kidogo ya kuupunguza, napima tena. Joto nalo lina neno: karibu na nyuzi 70 PET hulegea. Wafaransa, kwa kimeng'enya kilichopatikana kwanza kwenye mboji ya majani na kisha kuboreshwa, walivunja asilimia 90 ya PET kwa saa 10 wakiwa kwenye nyuzi 72. Hiyo ilikuwa 2020. Lakini chupa ziliyeyushwa, zikapozwa ghafla na kusagwa kwanza. Chupa nzima ni ngumu mno. Na kabla ya hayo yote, lazima mtu awe amezitenganisha na taka nyingine. Kazi ya yule mama ndiyo hatua ya kwanza ya sayansi hii, na inastahili kulipwa hivyo.

Saa kumi na moja natazama sahani za zamani. Mbili zina duara angavu kuzunguka makoloni ya bakteria, dalili kwamba huenda unga wa PET umeliwa hapo. Nimefurahi sana, ila duara pekee si ushahidi. Kesho nawapa bakteria hao utando wa PET niliokwisha kuupima uzito, bila chakula kingine, kwenye nyuzi 30. Ideonella alihitaji kama wiki 6 kumaliza utando wa namna hiyo. Na hawa nitawapa wiki hizohizo.