Mdomo wa bomba ukae karibu na moshi

Kwa miezi kadhaa nilichora namba za utambulisho kwenye vibao vya chuma kisichoshika kutu kwa mashine ya leza, huku bomba la kufyonza moshi likining'inia nusu mita juu ya meza. Feni ilinguruma kutwa, nasi tukaridhika kwamba hewa ni safi. Jioni moja nilipitisha kidole kwenye rafu iliyo jirani na mashine, kikatoka na vumbi la kahawia, laini kama masizi ya koroboi.

Kosa letu lilikuwa umbali. Bomba huvuta hewa kutoka kila upande, hata pale lisipoelekezwa, kwa hiyo ukienda mbali na mdomo wake kwa kadiri ya upana wa mdomo wenyewe, kasi ya hewa hubaki takriban sehemu moja ya kumi. Mdomo wa bomba letu una upana wa sentimita 10. Kutoka nusu mita lilikuwa halivuti chochote cha maana. Tulipolisogeza hadi sentimita 5 kutoka mahali panapochorwa, uzi wa moshi uliozoea kunipanda usoni ulipinda, ukaingia bombani.

Leza inapovukiza chuma hicho hutoa chembe zenye kromi na nikeli, nyingi zikiwa ndogo kuliko mikromita 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita), ambazo hufika ndani kabisa ya mapafu. Barakoa ya kitambaa haifui dafu mbele ya chembe hizo. Kichujio cha daraja la H13 hunasa angalau asilimia 99.95 ya chembe, hata zile zilizo ngumu zaidi kunaswa, lakini gesi hupenya, na ndiyo sababu plastiki, ambayo ikichorwa hutoa gesi, huhitaji pia tabaka la kaboni amilifu, yaani mkaa uliotayarishwa kunasa gesi. Hapa wengi hukosea: kipimo cha shinikizo huonyesha kichujio cha vumbi kinapoziba, ila kaboni iliyoshiba haizuii hewa, hivyo mshale hausogei. Sisi huandika saa za kazi daftarini na kubadilisha kaboni kwa hesabu hiyo, bila kungoja harufu.

Plastiki ya PVC, yenye klorini ndani yake, hatuichori kabisa. Ikiungua hutoa haidrojeni kloraidi, ambayo ikikutana na unyevu wa macho, wa koo au wa hewa inayozunguka vyuma vya mashine hugeuka asidi. Mteja akileta plastiki asiyoijua jina, natoka nje na kipande kidogo, napasha moto ncha ya waya wa shaba, naigusisha kwenye kipande hicho, kisha nairudisha motoni. Mwali ukigeuka kijani, kuna klorini, nami namrudishia mzigo wake.