Nilivyorudi darasani kwa mgongo wa mtu mwingine

Nimeimba kwaya ya parokia miaka ishirini na miwili, sauti ya pili, na muda wote huo nilikuwa sisikii masomo ya misa. Mwanakwaya yeyote mkweli atakubali. Msomaji akifika mimbarini sisi tuko kwenye kurasa: wimbo wa katikati uko wapi, nani kachukua nakala yangu, tunaanza juu au chini. Ikifika "Neno la Bwana", naitikia "Tumshukuru Mungu" kwa sauti tamu kuliko waumini wote. Ninachomshukuru nacho sikijui.

Ningeendelea hivyo hadi kaburini kama si mdogo wangu mmoja wa kazini aliyeamua kubatizwa ukubwani. Akaniomba niwe msimamizi wake wa ubatizo. Nadhani alinichagua kwa sababu ya sare ya kwaya. Kwenye karatasi nilifaa kabisa: sheria ya Kanisa inataka msimamizi awe Mkatoliki aliyetimiza miaka 16, aliyepata kipaimara na ekaristi, na anayeishi maisha yanayolingana na imani. Umri nilikuwa nao karibu mara tatu. Hilo la mwisho nililipita haraka haraka.

Siku ya pili tu akaniuliza: "Dada, kwenye sala ya Nasadiki mnasema Yesu alishukia kuzimu. Alikwenda kufanya nini?"

Nikamjibu kwa upole mkubwa, "Hilo ni fumbo, mdogo wangu."

Naomba niseme jambo kuhusu neno hili fumbo. Ni neno takatifu, lakini sisi wazee wa benchi tumeligeuza blanketi la kujifunikia. Utatu ni fumbo, ekaristi ni fumbo, sawa. Ila jinsi nilivyokuwa nikilitumia, hata tofauti ya Majilio na Kwaresima ilikuwa fumbo. Msichana yule alinitazama kwa heshima, akaandika "fumbo" kwenye daftari lake, na usiku ule sikulala.

Nikaanza kuomba ushauri, hapo ndipo taabu ilipoanza. Mwenzangu mmoja wa kwaya, mtu wa sala kweli, akaniambia dawa ni moja: Biblia nzima, kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo, sura nne kila siku, mwaka mmoja umemaliza. Nilianza kama moto wa makaratasi. Mwanzo niliimaliza kwa siku chache, maana ile ni hadithi, ndugu wanauzana, mke anatafutwa kisimani, utaachaje? Kutoka nayo ilinibeba hadi baharini na mlimani. Halafu ikafika sura ya 25, likaanza hema. Mapazia, vitanzi, vifungo, mbao, vikalio vya fedha. Nikavumilia hadi sura ya 31. Nikapumua sura tatu za ndama wa dhahabu. Halafu kuanzia sura ya 35 hema lile lile likaanza tena, safari hii wanalijenga, pazia kwa pazia! Nikafika Mambo ya Walawi nikiwa nimechoka kama niliyabeba yale mapazia mwenyewe. Kwenye sura ya 13, kuhani anapochunguza upele kama nywele zake zimekuwa nyeupe, nikaiweka Biblia chini.

Nilirudia mara tatu. Mara zote tatu upele ule ulinishinda. Ukiitazama Biblia yangu kwa ubavuni utaona mwenyewe: mwanzoni kurasa zimechakaa na kuwa nyeusi kwa vidole, kuanzia Hesabu zinang'aa dhahabu, nyingine zimegandana kama zilivyotoka kiwandani. Kwa hiyo mtu akikuambia uanzie Mwanzo uende moja kwa moja, muulize kwanza yeye alifika wapi. Mimi nilimuuliza mwenzangu yule baadaye. Aliishia Hesabu.

Ushauri wa pili ulikuwa mbaya zaidi, maana ulikuwa wa alfajiri. Niamke saa tisa usiku, nipige magoti saa nzima kimya mbele za Mungu, nisiseme neno, nisishike kitabu. Siku ya kwanza nilisali dakika nne hivi. Nilipozinduka kulikuwa kumekucha, nimelala kifudifudi kitandani na magoti sakafuni, na punje za rozari zimejichora shavuni. Kazini wakaniuliza kama nimeumwa na mdudu. Nilikwenda hivyo karibu wiki mbili, kila siku mdudu yule yule.

Aliyeniokoa ni paroko, na hakunihurumia hata kidogo, alicheka. Akaniambia Teresa wa Avila, ambaye Kanisa limemfanya mwalimu wa sala, aliungama mwenyewe kwamba kwa miaka 18 hakuthubutu kuanza sala bila kitabu mkononi, isipokuwa baada ya komunyo. Na Teresa wa Mtoto Yesu alikuwa akisinzia kwenye tafakari, akajifariji kwamba wazazi huwapenda watoto wao wakiwa wamelala sawa na wakiwa macho. "Sasa wewe," akasema, "umewazidi hao wawili kwa lipi?" Akaniagiza nilale usiku kama watu, nisali dakika kumi jioni, na kitabu kiwe wazi. Niingie na Injili ya dominika ijayo, hiyo tu, wiki nzima.

Hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho huenda nyote mnakijua. Masomo ya dominika yana mpango, wa miaka mitatu unaozunguka! Mwaka A ni Mathayo, mwaka B ni Marko, mwaka C ni Luka, na Yohana hupewa sehemu kubwa ya kipindi cha Pasaka, halafu huchungulia katikati ya mwaka B na sura yake ya sita kwa sababu Marko ni mfupi. Nimeimba mizunguko saba ya mpango huo nikidhani padri anachagua.

Injili ile ya wiki niliisoma kwa njia ya hatua nne aliyoiandika mmonaki mmoja Mkartusi, Guigo wa Pili, karne ya 12: kusoma, kutafakari, kusali, kutulia. Yeye anaifananisha na kula. Kusoma ni kutia chakula kinywani, kutafakari ni kutafuna, kusali ni kupata ladha yake, na kutulia ni ule utamu wenyewe. Utamu sijaufikia mara nyingi, nisiwadanganye. Kutafuna ninaweza. Ujanja wangu ni kusoma kwa sauti, na kila siku kukaa upande wa mtu mwingine: kwa Injili ya kipofu aliyeponywa na Yesu, Jumatatu mimi ni kipofu mwenyewe, Jumanne ni wazazi wake wanaoogopa kufukuzwa katika sinagogi, Jumatano ni jirani anayesema siye yeye, amefanana naye tu. Jumamosi moja nilijikuta Farisayo na ikaniuma wiki nzima.

Marko niliisoma yote kwa mkao mmoja, sura 16, saa moja na nusu hivi. Ijaribuni. Kila kitu ni "mara", mara wakaacha nyavu, mara akatoka katika sinagogi. Kwa Kigiriki neno hilo linarudi kama mara arobaini. Unamaliza unahema.

Lakini hayo yote yalikuwa ya chumbani. Maswali yangu bado yalihitaji mtu wa kuyajibu, na mtu wa miaka ishirini na miwili kwaya anamuulizaje katekista, mwalimu wa dini wa parokia, kwa nini Biblia yetu ina vitabu 73 na ya majirani zetu 66? Nikatafuta njia. Msimamizi anaruhusiwa kumsindikiza mkatekumeni wake, yaani anayejiandaa kubatizwa, darasani. Kwa hiyo kila Jumamosi nilikaa nyuma ya mdogo wangu, daftari magotini, nikanyoosha mkono: "Mwalimu, huyu mdogo wangu anaona haya, lakini anataka kujua..."

Ah, nilifaidi! Kuzimu nilielezwa: si moto wa milele alikokwenda, ni mahali pa wafu, alikwenda kuwafungulia wenye haki waliotangulia, ndiyo maana waraka wa kwanza wa Petro unasema aliwahubiria roho waliokaa kifungoni. Nikaambiwa pia kwamba maneno yale yamo katika Kanuni ya Imani ya Mitume, ile Nasadiki fupi; ile ndefu ya Nisea na Konstantinopoli haina. Kumbe dominika tunazosali ile ndefu huwa hatushuki. Utatu, toharani, vitabu saba vya ziada, vyote viliulizwa kwa jina la msichana yule. Mwalimu akawa anamsifu mbele ya darasa: ana haya lakini ana kiu! Naye alikuwa akigeuka kunitazama kwa jicho moja, ananyamaza. Nilimchukulia kuwa amenielewa. Kumbe alikuwa anasubiri.

Ikaja wiki moja ya Kwaresima. Nilikuwa na swali moja nililolibeba muda mrefu, na kwa sababu ujanja ulikuwa umefanya kazi mara nyingi, sikufikiri. Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, huyu mdogo wangu anauliza, mtu ambaye hajaungama miaka kumi na mmoja, aanzie wapi?"

Darasa kimya. Mdogo wangu hakugeuka hata, mabega tu ndiyo yalikuwa yanatikisika. Mwalimu akafunika kitabu chake taratibu.

"Mwambie mdogo wako," akasema, "mkatekumeni haungami. Hajabatizwa bado. Ubatizo wenyewe utamwondolea dhambi zake zote." Akaniangalia. "Na wewe, dada, Padri anakaa kitubioni Jumamosi jioni. Leo ni Jumamosi."

Nilitamani nishukie kuzimu.

Nilikwenda, lakini. Ningefanyaje, darasa zima lilinisindikiza kwa macho mpaka mlangoni. Tangu Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, Kanisa linamdai mwenye dhambi kubwa aungame angalau mara moja kwa mwaka, na mimi hesabu yangu ilikuwa ya aibu. Sala ya majuto niliisahau katikati. Padri akanisaidia kwa kunong'ona, mstari kwa mstari, kama tunavyomsaidia mwimbaji mgeni. Ilichukua muda mfupi kuliko mazoezi ya wimbo mmoja. Miaka kumi na mmoja niliogopa kitu cha dakika kumi na tano! Yaliyosemwa humo yanabaki humo.

Baada ya hapo sikuhitaji tena mgongo wa mtu, ingawa Mwalimu kila nikinyoosha mkono alikuwa akiuliza kwanza, "Hili ni lako au la mdogo wako?"

Usiku wa Mkesha wa Pasaka sikukaa na kwaya. Nilikaa mbele, karibu na mdogo wangu, na kwa mara ya kwanza niliyasikia masomo yote saba ya Agano la Kale hadi mwisho, bila kutafuta ukurasa. Uumbaji, Abrahamu na mwanawe, bahari, Isaya mara mbili, Baruku, Ezekieli na moyo wa jiwe unaogeuzwa wa nyama. Mkono wangu ulikuwa begani mwake alipomiminiwa maji, na nililowa mpaka kwenye kiwiko. Huku nyuma sauti ya pili ilipotea kwenye wimbo wa Utukufu, niliisikia vizuri sana, na dhambi hiyo ndogo ya kufurahi nitaiungama.

Dominika iliyofuata nilirudi kwaya. Injili ilikuwa ya Tomaso, ambayo siku hiyo husomwa kila mwaka, A, B na C. Nilisikiliza kwa mdomo wazi, nikachelewa kuingia kwenye wimbo uliofuata, na kiongozi wa kwaya amenihamishia mstari wa mbele ili anione.

Baada ya misa mdogo wangu akanikamata mlangoni, nguo yake nyeupe mkononi. "Dada, Tomaso aligusa au hakugusa?"

"Aligusa," nikasema. Nimeimba miaka ishirini na miwili kwamba aligusa.

Tukafungua Yohana 20, tumesimama pale pale watu wanapita. Yesu anamwambia alete kidole chake. Tomaso anajibu, "Bwana wangu na Mungu wangu." Tumesoma mara tatu. Hakuna palipoandikwa kwamba aligusa.

Swali hilo sasa liko kwenye daftari langu. Jumamosi nampelekea Mwalimu, na akiniuliza ni la nani, ni la wote wawili.