Jioni mjomba alipochoma mchanga

Jana mwanangu kapasua spika mbovu, katoa sumaku, alafu kanifuata jikoni, "Baba, eti sumaku ukiichoma inakufa?" Nikamwambia ngoja kwanza, maana kichwa kilishaenda Temeke, uani kwa mjomba.

Siku ile tulitoka Kigamboni na mfuko wa rambo wenye mchanga mweusi, ule unaobaki mistari mistari ufukweni maji yakirudi, tukavuka nao na pantoni. Nyumbani tukaupitishia sumaku ya spika, uliogoma kunata tukaumwaga, ulionata mjomba akauweka kwenye kigae cha chungu juu ya jiko la mkaa, akapepea weee mpaka jasho.

Sumaku kaining'iniza kwa waya wa shaba alioutoa kwenye koili. Giza linaingia, umeme hakuna, na kigae kikaanza kuwa chekundu, wekundu wa kuutafuta kwa macho. Mjomba akashusha sumaku karibu kabisa na mchanga. Hakuna hata punje iliyotikisika, na ni mchanga ule ule uliokuwa unang'ang'ania muda mfupi nyuma! Akaitoa haraka isipate moto, akaepua kigae akakiweka kwenye simenti, akairudisha sumaku juu yake, akatulia. "We mjomba, usipumue." Wekundu ukafa pembeni kwanza, ukafa katikati, bado kimya, kimya, alafu ghafla punje moja ikaruka, tk, ikafuata nyingine, tk tk tk, mara mchanga wote umesimama kama nywele za mtu aliyeshtuka.

"Joto lilikuwa limeuvuruga," akasema, basi, akaenda kutawadha.

Chuo ndo nikaja kukuta kwamba magnetaiti, madini yanayonata kwenye ule mchanga, inaacha kuvutwa ikifika kama nyuzijoto 580, na kiwango hicho kinaitwa kwa jina la Pierre Curie, mwanafizikia Mfaransa aliyechapisha utafiti wake 1895. Na udogo wa chembe nao una neno lake: zikiwa ndogo mno, chini ya nanomita 30 hivi (nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni), hazihitaji hata jiko, joto la kawaida tu la Dar linaugeuzageuza usumaku wake, haushiki mwelekeo mpaka uzipoze sana. Mwanafizikia mwingine Mfaransa, Louis Néel, alilieleza hilo 1949.

Ila kinachonirudia zaidi ni kigae. Udongo wa mfinyanzi nao una chembe za madini ya sumaku, ukichomwa ukapoa usumaku wake unaganda ukiwa umeelekea kule sumaku iliyopo inakouvuta, ndo maana wataalamu wanasoma sumaku ya dunia ya enzi zilizopita kwenye matofali na vyungu vya kale. Sasa kigae chetu kilipoa chini ya sumaku iliyoshikwa na mjomba! Kama hakijaingia motoni tena, mpaka leo kimeishika ile jioni, popote kilipo, maana pale uani siku hizi ni fremu za maduka na kifusi kilizolewa zamani.

Na mjomba aliishia la saba. Alijuaje kwamba mchanga utakataa alafu utakubali? Mama anasema alionyeshwa na mzee mmoja wa bandarini, mkewe anasema hapana, alikuwa anajaribu mwenyewe usiku watu wakilala. Mi naelekea kwa mkewe, ila mama naye hajawahi kunidanganya.